Mtani wa Uongo Kwenye Msiba wa Mnyambe

Shakila, simama kidogo tumheshimu marehemu, halafu kaa chini usikie alichofanya Dickson.

Unajua kaka yangu anavyokusanya vitabu vya zamani vya katuni za wanyama. Vya yule fisi fundi cherehani anavyo vyote, isipokuwa toleo la kwanza. Hilo alikuwa nalo Mwalimu Barnaba wa kijiji cha Mnyambe peke yake, na mwalimu amefariki juzi.

Basi leo Dickson kaingia msibani, kakichukua kitabu kabatini na kutangaza, "Mimi mtani wa marehemu! Nimekiteka!"

Mtani wa marehemu! Mtani akiteka kitu msibani, hakuna wa kukasirika. Akajua kamaliza.

Mjane akamtazama. "Mtani kwa upande gani, baba?"

"Wa mama."

"Mama yupi?"

Dickson akakitia kitabu kwapani. Shakila, kwapani!

Mjane akacheka. Msibani, akacheka! "Karibu, mtani. Kiache hapo kwanza. Watani ndio wanaochimba kaburi."

Akachimba. Dickson, anayekwepa hata kufagia uwanja, kachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, akijua kitabu ni chake.

Jeneza lilipofunguliwa tuage, kitabu kilikuwa kifuani kwa mwalimu.

"Aliomba azikwe nacho," mjane akamwambia. "Asante kwa kazi, mtani."

Na kufukia akafukia yeye mwenyewe.

Sasa anazunguka uani, hali, hakai. Ameniuliza mara mbili kaburi huwekewa saruji baada ya muda gani.

Majembe yote nimeyafungia chumbani kwa bibi.