Kwa Senge, Kuhusu Setilaiti Yetu Inayochoka

Mpendwa Senge,

Kama ulikuwa karibu na redio wiki iliyopita, baada ya matangazo ya vifo, ulimsikia mtangazaji akisoma maneno aliyoyaandika Baba: kwamba dada yake aliyekuwa akifanya kazi chuoni Bukura arudi nyumbani upesi, mama yake ni mgonjwa. Usifunge mzigo kwanza. Isome barua hii hadi mwisho.

Sijui unakaa wapi. Ulisema tu kwamba unaenda upande wa Likuyani kutafuta kazi ya maabara katika shule. Ndiyo maana naandika hapa, katika jarida la shule yetu, ambalo huuzwa kwenye mashindano ya muziki na hufika shule za huko. Mwalimu wa Kiswahili aliniuliza kama nina hakika. Unajua nilivyo, hata kuitika jina langu darasani ni kazi. Nilimwambia nina hakika. Sitalitaja jina lako wala la kijiji; nitakuita Senge tu, shangazi, kama siku zote.

Nakumbuka siku uliponivisha hedifoni kwa mara ya kwanza. Nilitarajia sauti ya mtu. Badala yake nikasikia mluzi mwembamba ukikatika na kuendelea, ukitokea ndani ya kelele kama mtu anayekuja kutoka mbali. Ulinieleza kuwa ni setilaiti ndogo ya watu wanaopenda redio bila kulipwa, kwamba ilirushwa nikiwa bado mdogo, na kwamba kila inapopita juu yetu huieleza hali yake kwa nukta na mistari, yaani milio mifupi na mirefu: joto lake, nguvu za betri yake.

"Haiombi kitu," ulisema. "Inasema tu inavyojisikia."

Kwa mtoto aliyeogopa kusema lolote, maneno hayo yalikuwa makubwa. Nilijifunza nukta na mistari kwa likizo moja tu.

Redio uliachiwa na mwalimu mgeni wa chuo alipomaliza mkataba wake. Betri ya gari tuliipeleka kuchajiwa kwenye posho mill, kule kunakosagwa mahindi. Waya mbili za shaba ulizifunga juu ya mwanzi mrefu, na setilaiti ikipita ilibidi mwanzi uzungushwe taratibu. Uliuzungusha wewe, kwa kuwa mimi niliona haya kutazamwa na wapita njia. Nilikaa ndani karibu na dirisha. Nikisema, "Senge, imefifia," unauzungusha kidogo. Nikisema, "Hapo hapo," unasimama wima kama askari wa gwaride. Kukhu, mama yako, akipita na ndoo yake alikuwa hakosi neno.

"Mwanangu, ukimaliza kufukuza hao nzi wa mbinguni kuja ukule. Obusuma inapoa na haina wa kuisikiliza."

Ulicheka mpaka mwanzi ukayumba, nami nikaipoteza namba ya betri. Namba hiyo ndiyo uliyoijali kuliko zote. Ilikuwa ikishuka. Uliwaandikia wenzako wa ng'ambo, nao wakajibu kwamba wasikilizaji upande wetu wa dunia ni wachache, tuendelee. Ulinifundisha kutambua uzee wa kitu ambacho hatukuwahi kukiona: siku nyingine kilitaja namba zisizowezekana, siku nyingine kilinyamaza katikati ya neno.

Na kila mawingu meusi yalipopanda kutoka upande wa msitu, uliushusha mwanzi mbio. Hapa kwetu radi inaua ng'ombe, inaua watoto wa shule. Mtu mwenye akili hasimamishi shaba angani mvua ikija. Lakini majirani, walioona kutoka barabarani, waliona jambo jingine. Mwanzi ukiwa juu, jua. Mwanzi ukishuka, mvua. Macho yao hayakuwadanganya. Walichokosea ni kipi kilitangulia kingine.

Mwaka jana mvua ya kupandia ilipochelewa, mwanzi ulikaa juu wiki baada ya wiki, kwa sababu anga lilikuwa wazi na setilaiti ilikuwa ikizidi kudhoofika. Wazee wakaja kwa adabu, wakakaa, wakanywa chai. Yule jirani mwenye ng'ombe wengi ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Mwalimu, sisi hatuna ubaya na wewe. Lakini tunaonanga ukiinua hiyo kitu, mawingu inaenda. Tuachie hata matone mawili ya sukuma wiki."

Wenzake wakacheka kidogo. Nawe, kwa kuwa hujui kusema uongo, ukamjibu, "Mzee, msiwe na wasiwasi. Mvua ikikaribia nitaushusha."

Niliwaona wakitazamana. Kicheko kiliishia hapo. Uliwaambia ukweli, nao wakasikia mtu anayekiri.

Siku chache baadaye mawingu yalikuja, ukaushusha mwanzi kama kawaida yako, na iliyonyesha ilikuwa mvua ya mawe. Mahindi machache yaliyokuwa yameota kwa manyunyu yalilala yote. Jioni ile ile majirani walikuja na mapanga. Waliukatakata mwanzi, wakaichoma nyumba yako, na kama lori la mahindi lililokuwa likirudi Likuyani tupu lisingesimama Baba alipolipungia mkono, sijui ningekuwa namwandikia nani leo. Ulipanda na nguo ulizokuwa umevaa. Hukupata hata nafasi ya kumuaga mama yako.

Redio ilipona kwa sababu ilikuwa kitandani kwangu. Sasa nasikiliza kwa waya wa kuanikia nguo. Sauti ni duni, lakini wikendi ninaporuhusiwa kuja nyumbani najaribu. Muhula uliopita namba zilikuwa sifuri tupu. Mwezi huu nimesikia mluzi mmoja tu usiokatika, hauna nukta wala mstari. Chombo chetu kipo, kinapita, hakina tena la kusema. Nimewaandikia wenzako hivyo, kwa jina lako.

Sasa lile la tangazo. Senge, Kukhu si mgonjwa. Kukhu amefariki. Tulimzika kabla tangazo halijasomwa. Pole sana. Nilitaka ulisikie kwa mtu aliyekuwa naye. Siku zake za mwisho aliniuliza, "Na kweli hakuifunga mvua?" Nilimwambia hukuifunga, nikamweleza habari ya radi na shaba. Kesho yake akaniuliza tena. Nilitamani kukuficha hilo, lakini wewe hukunificha kitu kamwe.

Wanakuita kwa sababu mvua imechelewa tena. Wazee wamesema aliyeifunga ndiye aje aifungue. Baba si mtu mbaya. Amechoka kupitwa njiani bila salamu. Aliniambia, "Atakuja, atafanya wanachotaka, yaishe." Nikamuuliza wanataka nini. Akaniuliza kama nimemaliza kazi ya shule.

Jibu nililipata kwenye posho mill, nikiwa kwenye foleni na debe la mahindi. Vijana walikuwa wakizungumza bila kujali nani anasikia. Mmoja alisema, "Huyo mama akikuja safari hii, tunamwinua juu kwa mwanzi yake mwenyewe, tuone kama jua itawaka." Walicheka. Mmoja wao tulisoma naye darasa la nane. Aliniona, akanisalimia vizuri.

Nimewaza sana kama nina haki ya kukuambia hivi. Nakukosa kila siku. Ninaposoma fizikia najikuta nakueleza wewe, si mtahini. Nilikuwa nimejiahidi kwamba nikimaliza shule nitakutafuta, tusimamishe mwanzi mwingine mahali, na safari hii niuzungushe mimi, watu watazame wapendavyo. Pengine bado nitafanya hivyo. Lakini nitakuja mimi huko. Wewe usije huku.

Hakuna mgonjwa wa kumwona. Kaburi lipo, nitalipalilia. Tangazo likisomwa tena, hata likitaja jina langu, hata likisema nimekufa, zima redio uendelee na kazi yako. Na watu wa huko wakikuuliza kwenu ni wapi, taja kwingine.

Baki salama, Senge.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako