Swali la Mama kwa Bibi Miwani

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini kile kikohozi ulichoniandikia kimekuachia, na lile blanketi nililomwachia askari wa mapokezi ulipewa wewe, si mtu mwingine. Mimi ni mzima. Kazi ya fotokopi inaendelea. Mashine kubwa imeanza tena kutafuna karatasi, na bosi ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeifundisha.

Habari za Mama nitakueleza, ila nakuomba usome taratibu, usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vyake.

Zile riwaya zake za upelelezi, tangu uhukumiwe hajagusa hata moja. Alizitia kwenye boksi akalisukuma chini ya kitanda. Nilipomuuliza, alisema macho yamechoka. Sikubisha, ingawa macho hayohayo yanaona vumbi la juu ya kabati kutoka mlangoni.

Sasa, yule mkutubi wa maktaba ya mtaani, ambaye huja dukani kutoa nakala, aliniambia kuna mkutano wa mtandaoni, wasomaji kukutana na waandishi wa riwaya za upelelezi na za kusisimua. Bibi Miwani naye angekuwepo. Unajua Mama alivyompenda yule mwandishi, hata akambandika jina kwa ajili ya picha yake ya nyuma ya vitabu. Nikatuandikisha wote wawili bila kumwambia. Alipojua alinijia juu, akasema hana la kuzungumza na watu wanaotunga mauaji kwa kujifurahisha. Lakini Jumamosi mchana, nilipokuwa nawasha kompyuta niliyoazima dukani, nikamwona anatoka chumbani na gauni lake la kijani, amejipaka na manukato. Nikamwambia harufu haipiti kwenye kioo. Akanijibu nishughulike na yangu.

Kaka, ungecheka. Aliwasalimia watu wote mmoja mmoja huku sauti yetu imezimwa, kisha akanung'unika kwamba watu wa siku hizi hawaitikii salamu. Kulikuwa na mzee ambaye kamera yake ilionyesha dari tu; Mama akasema huyo ndiye muuaji. Mwandishi mmoja kijana alipoeleza anavyoficha ushahidi, Mama akaninong'oneza kwamba hakuficha kitu, yeye alimjua mhalifu kabla hajamaliza kupika chai. Na kwa lile sikio lake la miaka yote ya kupokea simu za hospitali, alisema Bibi Miwani anaongea kama mtu aliyeamka na jambo moyoni. Nilifurahi. Nilidhani nimemrudisha Mama wetu.

Ulipofika wakati wa maswali, akaniambia niinue ule mkono wa kwenye skrini. Bibi Miwani akasema, "Karibu, mama, tunakusikia."

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. "Mwanangu," akasema, "vitabu vyako vinaisha mtu akishakamatwa. Pingu, gari la polisi, kwisha. Mama yake anakwenda wapi?"

Bibi Miwani hakumpa maneno ya kumfurahisha. Alisema hajui, hajawahi kumfuata huyo mama mpaka nyumbani kwake, na kama Mama anajua, angependa kumsikia.

Basi Mama akasimulia. Alisema anarudi nyumbani na viatu vya mwanawe kwenye mfuko wa plastiki. Alisema mwanawe aliwaendeshea gari rafiki zake waliovunja ghala, mlinzi akauawa, na mwanawe alikaa garini akisikia. Alisema hamtetei, na kwamba humwombea mama wa yule mlinzi, ingawa hajathubutu kumtazama usoni. Alisema kila siku ya kutembelea wafungwa hulipiga pasi gauni hilihili.

Halafu akasema, "Ila tangu mvua zianze sijaenda. Wanangu nimewaambia ni miguu. Si miguu. Ni tumbo, na daktari ameshaniambia hakuna cha kukata wala cha kushona. Mwanangu huko ndani atadhani nimemchoka. Wewe unayejua kumaliza hadithi, niambie, namwambiaje?"

Ndivyo nilivyojua mimi, kaka. Nimekaa ubavuni pake, watu wote wale wanatutazama. Hata yule mzee wa dari aliishusha kamera yake, tukamwona uso.

Bibi Miwani akasema kazini kwake huchelewesha habari ili msomaji asiweke kitabu chini, lakini huyu ni mtoto, si msomaji. Aambiwe sasa. Mama akaitikia, "Haya," akamshukuru, akaniambia nizime.

Nilikimbilia jikoni. Akanifuata akijishika ukutani, akauliza kama kompyuta ya watu nimeifunga vizuri. Kisha akaniambia alificha kwa kuwa mimi nina mabega mawili tu, na wewe huna mlango wa kutokea. Jumatatu iliyofuata tulikwenda wote kwa daktari. Hakuzunguka. Alisema tusihesabu miezi. Dawa alizompa ni za maumivu tu.

Nimekwenda kwa mkuu wa gereza na cheti cha daktari. Ruhusa ya kutoka amekataa. Ila amekubali Alhamisi hii upelekwe ofisi ya afisa ustawi, uonane na Mama kwenye skrini. Mama ndiye aliyetaka nikuandikie kwanza, ili kilio ukimalize huko, siku hiyo mzungumze. Utamkuta amelala na amekonda sana. Usishtuke. Mtazame machoni, hayo hayajabadilika.

Na amenipa ujumbe. Anasema usianze kwa kumwomba msamaha. Ukianza na hilo atakata. Hayo alishayamaliza ndani ya moyo wake siku nyingi. Anataka umwambie unakula nini, unalala karibu na nani, na kitu gani huko kiliwahi kukuchekesha. Tafuta hata kimoja, kaka. Kama hakipo, tunga.

Mkutubi anakusalimu. Jirani wa mlango wa pili naye anakusalimu. Siku hizi ndiye anayemwogesha Mama nikiwa kazini. Jifunike vizuri, ule kila unachopewa, na ukisikia unaitwa Alhamisi, usisite kwenda.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku