Tableti na Mukanda wa Kitunga

Kitshanga

Mama yangu mupenzi,

Je, uko muzima hapo Kibua? Mugongo wako umeacha kukusumbua? Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Masasi ya bunduki yametulia kidogo, njo maana tunalala. Mutoto wangu Furaha ameanza kutembea, anashikilia kamba za hema kama mulevi.

Mama, huku kambini banamama tunasomea kwenye tableti, kibao cheusi cha kioo, maneno yanatokea ndani yake. Iko nzuri! Nyembamba, inateleza kama samaki. Lakini mwenye kuitengeneza alifikiria macho, hakufikiria mama mwenye mutoto mugongoni. Mbili zilianguka kwenye mawe, zikapasuka. Mwalimu wetu, Mama Esperance, akasema: "Ikipasuka ingine, zote zinabaki mu sanduku. Hakuna kupeleka nyumbani tena." Nikashikwa na woga. Mimi nasoma pole pole, Mama. Darasani wenzangu wanamaliza ukurasa, mimi ningali juu. Nyumbani njo ninaelewa.

Basi nikaishonea tableti yangu nguo. Kipande cha kitenge cha ndoa yangu, pamba nyingi ndani, dantela, ile lesi ya urembo, pembeni, na kifungo. Banamama wakapiga vigelegele. Kumbe! Katikati ya somo tableti ikawa moto, ikazimika. Jirani yangu Mama Bahati akapaza sauti: "We mama, umeifunika kama mutoto wa homa! Umuletee maji anywe!" Tukacheka wote, hata mimi, lakini roho ilikuwa chini.

Nikaenda kufumua. Nilipokuwa nafumua, nikakumbuka vile unasuka kitunga chako cha kubebea mihogo: unaacha matundu ili mihogo ipumue, na mukanda unakaa kwenye paji la uso, mikono inabaki huru. Nikaacha mugongo wa tableti wazi, pamba nikaweka kwenye pembe tu, nikashona mukanda nyuma ili mukono upite. Dantela nikatoa. Ua moja la kitenge nikaliacha mbele, sababu kitu kizuri muntu anakichunga.

Mwalimu akamupa Mama Bahati aijaribu, mutoto mugongoni. Yeye si akaanza kucheza! Anainua mukono, anatikisa, mutoto anacheka, tableti imeng'ang'ania kama kupe kwa ng'ombe. Tukasoma mupaka mwisho, haikuwa moto. Mwalimu akasema: "Njo hii. Utashonea zote, na leo uende na yako."

Sasa jioni mukono mumoja unamushika Furaha, mwingine unashika tableti. Yeye anagusa ua, mimi ninasoma.

Unisalimie Papa, na shangazi mwenye kutuchungia mbuzi, na kaka yangu wa pikipiki. Umwambie asipite njia ya pori peke yake. Barua za kwanza niliandikiwa na watu. Hii ni mukono wangu. Mwenye atakusomea, umwambie asome pole pole, vile niliandika.

Ni mimi binti yako,
Mama Furaha