Mkuu Hasumbuliwi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa ofisi! Mkuu wa Masjala, mafaili yote ya idara chini yangu. Mlango wangu peke yangu. Kiti kinachozunguka – nimezunguka mara tatu. Mara karani wa mihuri, rafiki yangu wa miaka tisa, kaingia bila hodi na kunipiga mgongoni, eti ndugu yangu umepaa! Mbele ya wahudumu! Mkuu aliyestaafu, tuliyemwita Barafu, nani alithubutu kumgusa hata bega? Akipiga chafya tulisimama. Shida yangu ni hili tabasamu, linatoka lenyewe bila kutumwa. Kuanzia kesho, tabasamu basi.

Jumatano, 5 Machi

Taratibu mpya. Nje, kwenye meza ya katibu, kuna daftari: jina, saa, sababu ya kumwona Mkuu. Hakuna kubisha hodi. Simu yangu nayo inakaa kwa katibu, apokee yeye na aseme, "Mkuu yuko kazini, hasumbuliwi." Nimemfundisha mpaka sauti. Na nikigonga kitu chochote humu ndani, maana yake nyamazeni. Katibu ni mama mtu mzima, amezika wakuu wanne kwa kustaafu. Akaniuliza, na ukitaka chai je? Nikamkazia macho bila kupepesa. Akaondoka. Inafanya kazi!

Nyumbani imegoma. Nimeingia na uso uleule, mke wangu akauliza kama tumbo linanisokota. Kisha akanibebesha ndoo mbili za maji.

Jumanne, 11 Machi

Raha iliyoje! Nikipita koridoni vicheko vinakatika ghafla. Nimesikia nyuma ya makabati karani wa mihuri akiniita Sanamu. Wenzangu huchongewa sanamu wakishakufa, mimi nimepata yangu kwa wiki moja tu.

Ila mchana nakula peke yangu. Wao upande wa pili wanacheka. Nimetega sikio ukutani – kwa sababu za kiutawala. Sikupata kilichowachekesha. Imeniuma kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 16 Machi

Binti yangu anaondoka Ijumaa kusomea ukunga, miaka mitatu, mbali kabisa. Basi lake linaondoka saa kumi jioni. Ameniuliza, baba, utanisindikiza stendi? Moyoni nilisema hata kwa miguu, mwanangu! Uso ukanitangulia. Nikajibu nitaangalia ratiba. Akasema, "Haya, baba," akarudi kukunja nguo zake.

Ratiba! Ratiba gani, mjinga mimi? Nitakwenda. Nimemnunulia saa yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia mapigo ya moyo. Iko kwenye droo ofisini. Nitamvalisha palepale stendi.

Alhamisi, 20 Machi

Katibu kaniletea ukurasa wa daftari, majina kumi na moja. Sina muda na mambo madogo. Nimeandika "Asubiri" kwa wino mwekundu toka juu mpaka chini, bila kusoma. Umependeza mno huo mstari.

Ijumaa, 21 Machi

Saa nane na nusu. Nimechukua saa ya binti, nimevaa koti, nimevuta mkono wa kitasa – umebaki kiganjani! Mlango haufunguki. Dirisha lina nondo. Nimegonga. Ofisi nzima kimya. Nimegonga kwa nguvu zaidi. Nikasikia mtu anavua viatu asije akatoa sauti.

Saa tisa kasoro robo. Nimeusoma ule ukurasa wa jana, bado uko mezani kwangu. Jina la nne, fundi wa milango. Sababu: kitasa cha Mkuu kimelegea, kitamfungia ndani. Asubiri! Kwa mkono wangu mwenyewe!

Saa tisa. Nipige kelele? "Nisaidieni, jamani" – Mkuu mzima? Wiki tatu zote zitakwenda na maji. Jumatatu karani atanipiga mgongoni tena. Simu yangu inalia huko nje. Ni mlio wa binti yangu, niliuweka mwenyewe ili nimjue. Katibu kapokea. "Mkuu yuko kazini, hasumbuliwi." Sauti ileile niliyomfundisha, hajakosea hata kidogo.

Saa tisa na dakika kumi. Nimekohoa. Nimekohoa tena, kiheshima. Katibu kawaambia wenzake Mkuu ana mafua, wasimkaribie.

Saa tisa na nusu. Ni yeye! Sauti yake koridoni, na magurudumu ya sanduku. Kapita mwenyewe kuniaga, na anasema teksi inamsubiri nje, dakika tano tu. Karani wa mihuri anamsalimia, anamuuliza habari za mama. Anacheka naye. Naandika nimesimama, shajara nimeibana mlangoni, saa yake iko kwenye ngumi yangu. Ita, wewe! Mwite jina lake tu!

Katibu anamwomba ajiandikishe. Jina. Saa. Nasikia kalamu inavyokwaruza, mlango tu ndio uko kati yetu. Kisha mwanangu anauliza, hapa penye sababu aandike nini.

"Andika chochote tu, mama," katibu anamjibu, tena kwa upole. "Huwa hasomi."