Siku Niliyokuambia Pita

Shemeji yangu Rashidi,

Huku bado tunaongoza Amerika. Nimeona nianze na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Kila asubuhi, kwenye baraza yangu ya cherehani karibu na Petite Barrière, kile kivuko cha mpaka cha kwendea Goma, benchi linajaa kabla sijatia uzi kwenye sindano. Ikifika saa nne tumeshamfukuza kazi waziri wao mmoja, tumembadilisha kocha wa timu yako, na tumemhukumu kila dereva aliyepiga honi bila sababu. Amerika haijatujibu. Kocha wako naye hatusikii, na kwa jinsi anavyopanga mabeki sidhani kama anamsikia mtu yeyote. Mzee Kalisti, fundi viatu, bado anakaa kwenye ncha ya benchi na bado anaanza kila hoja kwa kusema, "Mi sina kitu ya kuongeza," halafu anaongeza nusu saa.

Uliwahi kuniuliza kwa nini tunaijadili Amerika kuliko mambo yetu wenyewe. Nikakujibu kwamba Amerika iko mbali na haina masikio. Mambo ya karibu tunayajadili kwa kukohoa. Ulicheka mpaka ukamwaga chai kwenye suruali ya mteja, nami nikamwambia mteja kwamba ni maji ya pasi. Suruali ile aliivaa harusini.

Nakumbuka siku ulipokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza kumposa dada yangu Mariamu. Wazee walikuuliza ukoo wako, kazi yako, na msikiti unaoswalia. Mimi nikangoja wamalize, nikakuuliza timu. Ukataja wale wekundu wa Uingereza bila aibu yoyote. Nikamnong'oneza Mariamu, "Huyu mutu atakuliza kila Jumamosi." Akanijibu, "Heri analia yeye, mi nitapika." Mkakaa miaka kumi na tano. Alipika, na wewe ulilia.

Watu wengine wakiisoma barua hii hawatajua habari ya gari, kwa hiyo nivumilie niseme mambo unayoyajua. Gari halikuwa lako. Lilikuwa la mama mmoja wa Goma, mfanyabiashara wa viazi. Kigari cha mizigo chenye namba ya Kongo na usukani wa kulia, kama magari mengi ya kule. Lakini pande zote mbili za mpaka barabara tunaitumia kwa mkono wa kulia. Donc dereva anakaa upande wa majani. Akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mbele mpaka gari lake lote liwe limeshatokeza nje, na hapo kuona hakumsaidii tena. Ndiyo maana magari hayo yana mtu wa kukaa kushoto, kazi yake ni kuchungulia na kusema. Wewe ulimwita jicho. Alhamisi, siku ya kupakia viazi Kanama, jicho lilikuwa mimi.

Hukuondoka hata mara moja bila jicho. Hilo nataka lijulikane. Watu wamesema mengi juu yako, lakini nimekuona ukingoja saa nzima kwenye maegesho kwa sababu nilikuwa namalizia kola ya shati. Ulinipa maneno matatu tu: subiri, bado, pita. Siku ya kwanza nilisema "nafikiri iko wazi," ukapunguza mwendo, ukasimama kabisa pembeni, ukanigeukia.

"Shemeji, barabarani hakuna nafikiri. Nafikiri iache kwenye benchi."

"Bon, nimesikia."

"We uko jicho ama uko pambo?"

Mimi sijawahi kushika usukani maishani mwangu. Hilo halikunizuia kukufundisha udereva. Nilikuambia wapi upunguze, nilikuambia juu ya kamera iliyofichwa baada ya daraja, nilikuhubiria mkanda, nilikukataza kuendesha ukiwa na simu sikioni. Kila tangazo la usalama lililosomwa redioni nililirudia kwa sauti ya msomaji mwenyewe. Ulivumilia. Mara moja tu ulisema kwamba ukifa utakufa ukiwa umepewa mawaidha yote. Nilicheka. Tulikuwa tunateremka, ukungu ulikuwa umeanza kutoka kwenye mashamba ya maharage, na nilijiona mtu mwenye maana sana kwenye kiti kile cha kushoto.

Alhamisi ile Wamarekani walikuwa kwenye kampeni zao, chama cha punda upande mmoja na cha tembo upande wa pili, na sisi tulikuwa tumechagua kabla yao. Tulikuwa tumeshapakia, viazi vimefungwa turubai, tunashuka kuelekea mjini. Ndipo ukasema lile jambo. Ukasema kule Amerika mtu anaweza kupata kura nyingi kuliko mwenzake na bado akakosa urais.

"Bongo hiyo! Uongo mtupu!" nikakuambia.

"Mi nakuambia."

"Rashidi, ile ni Amerika. Mwenye kura nyingi ndiye anashinda. Sasa wanapiga kura za nini?"

"Wako na hesabu yao, jimbo kwa jimbo. Ilishatokea."

"Nani alikudanganya?"

"Nilisoma."

Hilo ndilo lililoniuma. Wewe kusoma. Unajua mimi shule niliiacha mapema, na kila ninachokijua nimekiokota mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungia vitambaa, kwenye redio, kwenye simu. Kwenye benchi lile Amerika ilikuwa yangu. Mzee Kalisti mwenyewe huniangalia kabla ya kusema jina la jimbo. Sasa dereva wa viazi ananieleza uchaguzi. Nikatoa simu mfukoni nitafute, nikuaibishe vizuri. Nikaandika swali. Mtandao wa pale kwenye kona unajua ulivyo. Kile kiduara kikaanza kuzunguka.

Mbele yetu kulikuwa na lori lililobeba kreti za chupa, linashuka kwa gia ndogo. Ukaniuliza, kwa sauti ile ile ya siku zote:

"Jicho?"

Nilikuwa nimetazama barabara muda si mrefu kabla ya hapo, na ilikuwa wazi. Nikainua macho, au nimejiambia tangu siku ile kwamba niliinua macho. Nikasema:

"Pita."

Nikarudi kwenye simu.

Sikusema "nafikiri". Nililisema vizuri kabisa, kama ulivyonifundisha.

Basi dogo la abiria lilitokea kwenye kona. Uliliona kwa kuchelewa, kwa sababu ndipo mahali ambapo mtu wa usukani wa kulia huanza kuona. Ulikuwa na njia mbili. Kushoto kulikuwa na basi na upande wangu. Ukakata kulia, ukajirudisha nyuma ya lori, na upande wako ndio ulioingia kwanza chini ya chuma cha lori. Watu wa basi walishuka wote kwa miguu yao. Mimi nilivunjika mtulinga. Viazi vilienda mpaka kwenye mfereji, na watu waliokuja mbio, nawasifu kwa hili, walikuja kwako kabla ya kwenda kwenye viazi.

Polisi alinikuta nimekaa kwenye majani. Kijana mwenye adabu, alinipa maji kwanza. Akauliza dereva alikuwaje, mwendo ulikuwa vipi, kulitokea nini.

Nikamwambia, "Nilikuwa nimelala."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Jicho likasema lilikuwa limelala. Akaandika, na kilichobaki kikajiandika chenyewe: dereva alipita lori kwenye kona, abiria alikuwa usingizini. Msibani watu wakatikisa vichwa. Haraka, wakasema. Madereva wa siku hizi. Hata kwenye benchi langu mwenyewe ulijadiliwa, kwa ufasaha ule ule tuliowajadili nao wengine, nami nikawa napiga pasi na siongezi kitu.

Siku ya tatu hospitalini niliwasha simu. Haikuwa imevunjika hata kioo. Ukurasa ulikuwa umefunguka. Ulisema kweli, shemeji. Imetokea zaidi ya mara moja. Mwenye kura nyingi akarudi nyumbani kwake.

Sasa nikueleze juu ya Mariamu, maana barua hii ni kwa ajili yake. Tangu tukuzike hakuja kaburini kwako. Wanawake wetu wengi hawaendi makaburini, kwa hiyo majirani hawakushangaa. Wakadhani ni dini. Mimi ndugu yake nikajua ni hasira. Picha yako ya harusi aliigeuza ikaangalia ukuta. Watoto wakikutaja alikuwa akisema, "Baba yenu alikuwa na haraka ya kufika, basi amefika." Alisema hivyo bila kulia, akiwa anakuna karoti. Mwaka wa kwanza ukapita hivyo, na wa pili ukaingia, na mimi nikiwa na sentensi moja tu ya kusema, na sikuisema. Nilikuwa na maoni juu ya ukuta wa Mexico. Juu ya penalti. Juu ya mikanda ya viti vya nyuma. Sentensi ile moja ilinishinda.

Ijumaa moja baada ya swala nikaenda kwake. Alikuwa uani anachagua maharage kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda, nikasifu maharage. Akaniangalia.

"We unataka nini?"

"Mariamu, siku ile sikuwa nimelala."

Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Unasema?"

"Sikulala. Nilikuwa jicho. Mi ndiye nilimwambia apite."

"Uliona iko wazi?"

"Sikuona. Nilikuwa naangalia simu."

"Nani alikupigia?"

"Hakuna mutu. Tulikuwa tunabishana."

"Juu ya nini?"

Shemeji, nilitamani tungekuwa tumebishana juu ya kitu cha maana. Shamba, urithi, hata mwanamke. Nikasema, "Amerika."

"Amerika," akarudia, polepole, kana kwamba ni jina la jirani wa kike aliyekuwa anakuzungukia siku zote na yeye hakushtuka. Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Na yeye akakusikia? Hivyo tu, neno moja?"

"Tulikuwa tumezoea."

"Miaka kumi na tano mi namwambia: baba Saidi, polepole. Baba Saidi, achana na gari ya batu, haiko yako. Baba Saidi, rudi mapema. Hata siku moja hakunisikia. We neno moja, akasikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshautengenezea jibu. Si kwa hilo. Akasukuma ungo pembeni, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kingine na ushungi.

"Inuka. Unipeleke."

Tukachukua moto mbili, zile pikipiki za abiria. Alimwambia wa kwake aende polepole, na yule akaenda polepole kweli, nami nikamfuata nyuma nikiwa nimevaa kofia iliyonibana, sina cha kumshauri dereva wangu. Tulipofika kwenye lango nikashuka nimwonyeshe njia. Akanizuia kwa mkono.

"We baki hapa. Ni safu ya ngapi?"

Nikamwambia. Nikabaki. Nilimwona akihesabu safu, akakosea moja, akarudi, akakupata. Alisimama kwanza. Halafu akachuchumaa, akaanza kung'oa majani, na huku anang'oa nikaona kichwa chake kinatikisika na mkono wake unaenda hewani kama anapokugombeza jikoni. Alisema kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na kwenda kwenu, kwa hiyo kwangu halikufika hata neno. Mahali fulani akaweka paji la uso juu ya magoti yake, akabaki hivyo. Niliinua mguu niende, nikakumbuka ameniambia nibaki. Nikabaki.

Alipotoka alipita mbele yangu, akapanda moto, akaondoka.

Sasa anakuja kwako kila Ijumaa. Wewe ndiwe unajua, mimi naambiwa na watu. Picha yako imegeuzwa, inaangalia sebule. Watoto wanasema baba yao alikata usukani kulia ili watu wa basi wapone, na wanalisema hilo hata shuleni. Mimi hanisemeshi. Nimeenda mara tatu, mara tatu ameniambia kupitia mlango kwamba ana kazi. Nguo zake sasa anashonesha kwa fundi wa mtaa wa pili, yule ambaye mikono ya nguo anazoshona haijawahi kulingana. Nimemwona barabarani na gauni jipya, bega moja juu na jingine chini, na sikuwa na haki ya kusema kitu.

Nadhani hasira aliyokuwa nayo kwako haikuisha, imehama tu. Iko kwangu, mahali ilipotakiwa kuwa tangu Alhamisi ile, na mimi sijui niifanye nini. Siwezi kuipunguza, siwezi kuiharakisha. Nakaa nayo.

Nilitaka kukuomba umwambie neno kwa niaba yangu, Ijumaa akija. Nimeacha. Usimwambie kitu, shemeji. Safari hii msikilize yeye.

Lala salama.

Ni mimi shemeji yako, kaka yake Mariamu, hata kama kwa sasa yeye hasemi hivyo.