Mama Alivyouteka Mji kwa Salamu

Mume wangu Yusufu, mjukuu wangu,

Hapa Kasulu tu wazima, na maharage yamekubali. Unauliza wazazi wako wakija Kigoma uwatembeze wapi kwa siku moja.

Nilipokuwa fundi cherehani huko Kigoma, mtaa wa Mwanga, mama yangu alikuja kunitembelea, nikampangia bandari, kisha mtumbwi Ujiji. Weee! Sokoni alimsalimia kila muuza dagaa kwa kupiga makofi ya heshima kama desturi yetu Waha, Kiha kitupu, mpaka habari za ng'ombe. Bandari hatukuiona. Tunafika Ujiji nimenuna, mtumbwi wa mwisho unaondoka. Mara wanawake waliokuwamo wakapaza sauti, "Rudisha! Mama yetu wa sokoni huyo!" Nahodha akageuza. Mama akakaa mbele kana kwamba ziwa ni lake. Mji ulionichukua miaka kuuzoea, yeye aliuteka kwa siku moja.

Basi usipange mengi. Mama yako amerithi mdomo uleule.

Bibi yako