Baba Anaota Moto

Maseru, 11 Mei 2018

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Natumaini umeamka salama na kifua hakikusumbui sana, maana baridi ya mwaka huu imewahi. Mimi ni mzima. Kazi ya saluni naendelea nayo, na ule muziki wangu wa kufokafoka, ambao wewe unauita ugomvi, naendelea nao pia.

Baba, nina wimbo mpya. Unaitwa "Julai". Ni wimbo wa theluji, na marafiki zangu wawili wenye kamera wamekubali kuupigia video. Hapa mjini theluji yenyewe ya kubahatisha. Nataka tuje huko Ha Makhabane itakapoanguka, na nataka wewe uwemo kwenye video. Najua miaka minne sijakanyaga nyumbani. Usiniulize kwa nini. Niulize nakuja lini.

Ukikubali, mpe dereva wa basi jibu. Simu yako tangu lini ikashika mtandao?

Binti yako,
Limakatso

*

Ha Makhabane, 20 Mei 2018

Mwanangu Limakatso,

Amani iwe kwako. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, na mbwa akanisikiliza vizuri kuliko wewe ulivyokuwa ukinisikiliza. Hali yangu ni nzuri. Kifua kinakoroma kama cha kila mtu aliyekula vumbi la mgodi, lakini chakula kinapita.

Njoo! Miaka minne nilikuwa nawaza nimekukosea jambo gani ukashindwa kulisema. Sasa nasema labda ilikuwa kazi tu.

Huo ugomvi wako nimejaribu kuusikiliza redioni. Kijana mmoja alikuwa anaongea kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Lakini kama anayefukuzwa ni wewe, nitasimama nisikilize mpaka mwisho.

Kaka yako Sechaba yumo kwenye wimbo? Miaka tisa sasa tangu theluji imchukue, na hakuna anayelitaja jina lake mbele yangu. Wanadhani wananihurumia. Kama yumo, nitafurahi.

Nitavaa blanketi langu zuri. Jirani yetu Mzee Lebusa nimemwambia naenda kuwa mtu wa video, ameshaanza wivu.

Ni mimi,
Baba yako

*

Maseru, 19 Julai 2018

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Tumefika salama, ila gari liliteleza kidogo kwenye kona za milimani. Kifua kinaendeleaje baada ya ile baridi? Unywe dawa niliyoiacha dirishani.

Ahsante kwa kila kitu. Ulitembea kwenye theluji hadi mtoni mara nne bila kulalamika, na ulipokaa kwenye moto na bilauri yako ya pombe, wenzangu walisema hawajawahi kupata mtu rahisi kupiga picha kama wewe. Uliniuliza kwa nini wimbo una ngoma tu hauna maneno, nikakwambia maneno tutayatia mjini. Yametiwa. Video itatoka mwezi ujao.

Kuna jambo nilitaka kukwambia pale mlangoni siku ya kuondoka, nikashindwa. Basi, liache.

Binti yako,
Limakatso

*

Ha Makhabane, 2 Septemba 2018

Limakatso,

Habari za huko. Mimi ni mzima.

Jana nilipeleka kondoo kwenye banda la kukatia manyoya. Nikakuta wanaume wameinamia simu, na ngoma inayolia ni ileile yetu. Waliponiona, mmoja akaiingiza simu ndani ya blanketi. Mimi mjinga nikacheka, nikasema, "Hebu na mimi nijione nilivyopendeza."

Lebusa akasema, "Achana nayo, kaka. Betri imekwisha."

"Betri gani hiyo imekwisha huku inaimba?"

Wakanipa. Nikasikiliza sauti yako:

Julai, Julai, kaka yuko mlimani,
Baba anaota moto, blanketi mabegani,
Kamtuma kwenye theluji, yeye kabaki ndani,
Kondoo wamerudi, kaka yuko kaburini.

Nikajiona nimekaa kwenye moto, nacheka. Kisha kijana nisiyemjua amelala kwenye theluji. Kisha mimi tena, nacheka.

Kondoo nimewarudisha nyumbani na manyoya yao.

Ndivyo unavyoamini?

Baba

*

Maseru, 10 Septemba 2018

Baba,

Nakusalimu. Sitauliza hali yako kama vile siijui.

Ndiyo. Ndivyo ninavyoamini. Nilikuwa na miaka kumi na minne, niko shule ya bweni, na hakuna aliyeniita. Nilipokuja likizo nikaonyeshwa rundo la mawe, nikaambiwa huyo ndiye kaka yako. Mama alishakufa, mtu wa kumuuliza ulikuwa wewe. Nikakuuliza, "Ilikuwaje, Baba?" Ukasema, "Kula, chakula kinapoa." Unakumbuka? Mimi sijasahau hata siku moja.

Shangazi Mamosa ndiye aliyeniambia. Alikuja siku ya tatu, Sechaba bado hajarudi, akakukuta umekaa kwenye moto na blanketi lako. Hunyanyuki. Hujibu. Nimeishi na picha hiyo tangu utoto. Sikuibuni.

Nilikosea kukuficha maneno. Nilijua ukiyasikia hutakubali, na nilitaka watu wakuone pale pale ulipokaa. Hilo nilikosea. Mengine sikukosea.

Limakatso

*

Ha Makhabane, 30 Septemba 2018

Mwanangu,

Amani iwe kwako. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikiandika nachana.

Uliuliza ilikuwaje. Ulipouliza ukiwa mtoto sikuweza. Sasa nitasema mara moja, kisha sitasema tena.

Nilimtuma, kweli. Anga ilikuwa nyeusi upande wa milima, na kondoo walikuwa kule juu kwenye kambi ya malisho. Wengi hawakuwa wetu, tulikuwa tunawachungia watu. Sechaba akasema, "Baba, kondoo wanajua kujificha. Tungoje kesho." Nikamwambia mwanaume haachi mifugo ya watu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, angeweza kukataa. Akavaa mabuti yake ya mpira, akasema, "Haya, mzee wa mifugo ya watu," akaenda. Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Kwa hiyo pale unaposema nilimtuma, acha palivyo.

Siku ya pili nikamfuata. Nilivuka mto theluji ikiwa mapajani. Kwenye kilima cha pili kifua kikafunga. Nikatambaa. Nilikuwa namwita, lakini sauti ilitoka kama ya kitoto cha paka. Lebusa na mdogo wake waliniokota, wakanirudisha juu ya farasi kama gunia. Wakaniweka kando ya moto, wakanifunga kamba kiunoni, kwa sababu kila waliponiacha nilitambaa kwenda mlangoni. Hivyo ndivyo Mamosa alivyonikuta. Hakudanganya. Kamba hakuiona, ilikuwa chini ya blanketi.

Sikukaa kwenye moto, Limakatso. Niliwekwa.

Kondoo walirudi wenyewe. Yeye tulimpata siku ya tisa.

Na kile kicheko. Ulikuwa umesimama nyuma ya kamera, pua nyekundu kwa baridi, ukaniambia, "Baba, cheka kidogo." Nikakutazama nikawaza, binti yangu amerudi. Nilicheka kwa ajili hiyo.

Utauliza kwa nini sikusema zamani. Mtoto wangu alikufa kwa neno langu. Nikianza kusimulia nilivyopanda na nilivyoanguka, nitakuwa naomba watu wanililie mimi.

Baba yako

*

Maseru, 8 Oktoba 2018

Baba yangu,

Sijui nianzeje. Uko salama? Kuna mtu yuko karibu na wewe?

Niliisoma barua yako saluni, mteja akiwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa. Akaniuliza, "Dada, umefiwa?" Nikasema ndiyo, maana sikujua jibu jingine. Nisamehe. Video naiondoa leo. Nisamehe, Baba. Niambie nije, nitapanda basi la kesho.

Binti yako,
Limakatso

*

Maseru, 15 Novemba 2018

Baba yangu,

Salamu. Dereva ameniapia kwamba barua iliyopita alikukabidhi mkononi. Nasubiri jibu.

Video nimeiondoa, lakini watu walishainakili, wanarushiana kwenye simu. Wiki iliyopita nilialikwa kuimba katika mji wa Maputsoe. Walioniita walitaka "Julai". Nikaimba ubeti wa kwanza, nilipofika pale panapokutaja wewe nikanyamaza. Ukumbi mzima ukaendelea bila mimi, Baba. Wanayajua maneno yote. Walikuwa wanaimba wamenyoosha mikono, na mimi nikawapigia kelele, "Si kweli! Si kweli!" Wakadhani ni sehemu ya wimbo. Wakaipokea, wakaiimba pia.

Nitukane basi. Andika hata mstari mmoja.

Limakatso wako

*

Ha Makhabane, 22 Januari 2019

Mwanangu Limakatso,

Amani iwe kwako, na mwaka mpya uwe mwema. Mimi naendelea.

Barua zako zote nimezipata. Sikunyamaza ili kukuadhibu. Nilikuwa najaribu kuona kama naweza kukuita nyumbani. Mara mbili nimeshuka mpaka barabarani kumpa dereva neno la kukuita, na mara mbili nimerudi nalo.

Wapita njia wanaimba wimbo wako wakishuka na punda. Hawana ubaya. Juzi kijana mmoja mgeni alinisimamisha akaomba tupige picha pamoja, akasema, "Mzee, wewe ndiye yule wa moto!" Nikasimama akapiga. Ningemwambia nini? Lebusa anapita nyumba kwa nyumba kueleza habari ya kamba. Nimemwomba aache. Kadiri anavyoeleza ndivyo wanavyozidi kunitazama.

Mifugo ya watu nimewarudishia wenyewe, na wachache wangu nimempa Lebusa. Kesho nahama. Nakwenda upande wa Qacha's Nek, kwa ndugu wa marehemu mama yako. Jina la kijiji sitaliandika, kwa sababu nakujua, utakuja. Nawe ukija nitakufungulia mlango, nitakupikia, na sitaweza kukutazama usoni. Sitaki upate baba wa namna hiyo baada ya safari ndefu.

Kosa si lako peke yako. Nilikuacha na swali miaka tisa, ukalijibu kama ulivyoweza.

Usimwulize Mamosa nilikokwenda, hajui. Usimsumbue dereva. Endelea kuimba, una sauti ya mama yako unapokasirika. Nikiweza nitaandika mimi. Usipoona barua, usidhani nimekukataa. Jua kwamba nimeshindwa tu.

Bado ni
Baba yako